Torati ya Musa katika Jiji la Shaba

Sheria ya Musa haitenganishi ibada na haki. Kitabu cha Walawi, ambacho wengi hukijua kwa kanuni za sadaka na makuhani, ndicho kinachoamuru mizani iwe ya kweli, pembe za shamba ziachiwe maskini, na ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati linawakataza waamuzi kupokea rushwa. Hata Sabato ni ya wote: bwana hupumzika, na mtumwa, mgeni na ng'ombe vilevile.

Waliokuja Lubumbashi, jiji la shaba la Katanga nchini Kongo, na sheria hii kama urithi wa mababu walikuwa Wayahudi. Jiji hilo, wakati huo Élisabethville, lilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Mwaka 1911 jumuiya yao ilikuwa imekwisha kuundwa. Baadaye wengi wao walikuwa watu wa kisiwa cha Rhodes, wafanyabiashara waliozungumza Kihispania cha kale, kwa kuwa wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Sinagogi lao lilifunguliwa mwaka 1930.

Kiini cha ibada ya sinagogi ni kusomwa kwa Torati. Gombo lake huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, bila alama za irabu, na msomaji hufuata mistari kwa kijiti badala ya kugusa maandishi kwa kidole. Likikosa herufi moja, halisomwi hadharani mpaka lisahihishwe. Kila Sabato husomwa sehemu yake, hata mwaka ukizunguka vitabu vyote vitano vimekwisha: amri za madhabahu na amri za mshahara kwa sauti ileile.

Mwaka 1937 aliwasili rabi kijana, Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyesomea huko huko. Baadaye akawa rabi mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Julai 1944 Wanazi waliwakamata Wayahudi wa kisiwa hicho, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika ni takriban 150. Jumuiya iliyokuwa tawi la Rhodes huku Katanga ikabaki kuwa miongoni mwa watunzaji wa mapokeo yake.

Vitabu vitano vya Torati vilisomwa pia katika makanisa ya Wakatoliki na Wamethodisti, lakini utawala wa jiji ulifuata sheria nyingine. Waafrika walitengewa mitaa yao, mbali na ya Wazungu. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira, wakaua makumi ya watu, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Kwa kipimo cha Walawi, ambako ujira ni haki ya mtenda kazi wala si hisani ya tajiri, hilo lilikuwa kosa mbele ya Mungu, si ugomvi wa kazini tu.

Vurugu za baada ya uhuru wa 1960 ziliwaondoa Wayahudi wengi, na Rais Mobutu alipotaifisha biashara za wageni mwaka 1973 wakaondoka wengine. Rabi Levy alibaki hadi 1991. Sinagogi lingali limesimama, na linastahili kuhesabiwa katika urithi wa Lubumbashi pamoja na Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo.