Umri wa Mbwa, Umri wa Mtu

Mwaka 1268, mafundi waliotandaza sakafu ya mawe katika Westminster Abbey, London, waliiwekea fumbo la umri wa dunia. Uzio wa miti hudumu miaka 3. Mbwa huishi mara 3 ya uzio, farasi mara 3 ya mbwa, mtu mara 3 ya farasi, hadi dunia ifikishe miaka 19,683. Kwa hesabu hiyo mbwa hupata 9, mtu 81.

Karne ya 20 ilizoea kuzidisha kwa 7. Mwaka 2020, watafiti wa California waliochunguza DNA ya mbwa aina ya Labrador walikadiria kwamba mwenye mwaka 1 analingana na mtu wa miaka 31. Baadaye kasi hupungua.

Leo michoro ya intaneti huweka mistari miwili sambamba: wako na wa mbwa wako. Kanuni hubadilika, ule mfupi ni wake daima.