Namba ya kadi haikuzaliwa siri

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu tupige historia kidogo. Chukua kadi yako ya benki uitazame (jirani asikuone). Kuna ile namba ndefu, kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, na nyuma kuna zile tarakimu tatu. Wengi wetu tunaamini hiyo namba ndefu ndiyo siri kuu ya kadi. Mimi nasema namba hiyo haikuundwa iwe siri hata kidogo, na taabu nyingi tulizozipata kwenye intaneti kwa miaka zaidi ya 30 zimetokana na kuilazimisha iwe kitu ambacho haikuwa.

Tuanzie mbali. Mnamo Septemba 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 kwa posta. Hawakuziomba! Kadi hiyo iliitwa BankAmericard, na mwaka 1976 ikapewa jina la Visa. Kwa miaka mingi namba za kadi zilichongwa zikainuka juu ya plastiki ili mwenye duka aiweke kwenye kimashine, avute mkono, na namba ijipige chapa kwenye karatasi ya kaboni. Kila aliyeshika ile karatasi aliiona namba: mhudumu, karani, mtu wa benki, hata aliyeokota kaboni kwenye pipa la taka. Na hapakuwa na ubaya, kwa sababu namba ilifanya kazi ya namba ya sanduku la posta, yaani ijulikane deni lipelekwe kwa nani. Kilichothibitisha kuwa ni wewe ni plastiki yenyewe mkononi mwako, na sahihi yako.

Hata tarakimu ya mwisho ya namba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wezi. Hesabu yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeomba hataza mwaka 1954 akaipata 1960, na kazi yake ni kugundua makosa ya kunakili. Ijaribu mwenyewe na 4111 1111 1111 1111, namba ya majaribio ambayo waandika programu tunaijua kama tunavyojua majina yetu. Anzia kulia, kila tarakimu ya pili iongeze mara mbili (ikizidi 9, toa 9), kisha jumlisha zote. Utapata 30. Ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba imeandikwa sawasawa. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu inakataa. Mwizi hata hivyo anaweza kutunga namba inayokubali hesabu hiyo kwa dakika moja, tena kwa penseli.

Basi, namba ya namna hii ndiyo iliyopelekwa kwenye intaneti.

Tarehe 11 Agosti 1994 (mimi sijazaliwa bado), kampuni ndogo iitwayo NetMarket, iliyokuwa Nashua, New Hampshire, iliuza CD ya Sting kwa dola 12.48 pamoja na gharama ya kutuma. Mnunuzi alikuwa Philadelphia. Alituma namba ya kadi yake ikiwa imesimbwa kwa teknolojia ya PGP, na kesho yake gazeti la New York Times likaandika habari hiyo. Hapo ghafla mambo mawili yaliyokuwa yakiilinda kadi yalitoweka. Hakuna plastiki mkononi, hakuna sahihi. Ilibaki namba peke yake, na mwenye kuijua akahesabiwa ndiye mwenye kadi.

Kukawa na shule mbili za mawazo, na kwangu hapa ndipo utamu wa hadithi ulipo.

Shule ya kwanza ilisema: tuifunge njia. Netscape walitoa SSL 2.0 mapema mwaka 1995. Toleo la kwanza halikutoka nje ya ofisi zao kwa sababu lilikuwa na kasoro. Mwanasayansi mkuu wao kuanzia mwaka huo alikuwa Taher Elgamal, Mmisri mzaliwa wa Cairo, ambaye wengi humwita baba wa SSL. Mwafrika huyo, wandugu, na sijui kwa nini chuoni hatukuambiwa jina lake ila tu mfumo wake wa usimbaji. Kwenye kivinjari cha Netscape kulikuwa na picha ya ufunguo chini pembeni: ukiwa umevunjika, ukurasa si salama, ukiwa mzima, endelea kununua. Kufuli lilikuja baadaye.

Sasa kulikuwa na kisa. Sheria za Marekani za wakati ule ziliuhesabu usimbaji kama silaha, kwa hiyo Netscape ya kupakuliwa nje ya Marekani ilipewa ufunguo dhaifu wa biti 40. Mtu wa Nairobi na mtu wa Boston wote waliona ufunguo mzima kwenye skrini, lakini hawakuwa na ulinzi mmoja. Agosti 1995 mtafiti wa Ufaransa, Damien Doligez, alivunja ujumbe mmoja wa biti 40 kwa muda wa siku 8 akitumia kompyuta zipatazo 120 zilizokuwa kazini kwake. Mwezi uliofuata wanafunzi wawili wa Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, walifanya jambo la aibu zaidi kwa Netscape. Waligundua kuwa ile namba ya kubahatisha inayozaa ufunguo ilitokana na saa ya kompyuta pamoja na namba za programu zinazoendeshwa, vitu ambavyo vinakisika. Hapo hata toleo la Marekani la biti 128 halikupona. Masharti ya kuuza usimbaji nje yalilegezwa Januari 2000.

Shule ya pili ilisema jambo tofauti kabisa: namba ya kadi isipite mtandaoni asilani. Hawa walikuwa First Virtual, kampuni iliyofungua huduma yake Oktoba 1994. Mmoja wa waanzilishi ni Nathaniel Borenstein, yule yule aliyeshiriki kubuni MIME, ambayo ndiyo inayotuwezesha kuambatisha picha kwenye barua pepe. Mteja aliwapa namba ya kadi kwa simu mara moja tu, akapewa jina la siri la kutumia madukani. Akinunua kitu, duka lilipeleka lile jina, kisha First Virtual wakamwandikia mteja barua pepe: umenunua hiki? Alijibu ndiyo, hapana, au huu ni wizi.

Soma tena aya hiyo. Duka halishiki kitu cha thamani, na mwenye pesa anaulizwa kwa njia nyingine athibitishe. Hii si ndiyo sura ya M-Pesa? Ilipoanza Machi 2007 nilikuwa shule ya msingi, na mama yangu hakuhitaji somo la usalama kuelewa kwamba PIN anaiweka kwenye simu yake mwenyewe na wala hampi mwenye duka. Mwaka 1996 Borenstein na wenzake waliandika hata programu ya kuonyesha jinsi namba ya kadi inavyoweza kunaswa inapochapwa kwenye kibodi, kabla SSL haijaigusa. Wapinzani wao walisema wanatisha watu ili wauze bidhaa yao. Labda ni kweli, lakini hoja yao ilikuwa sahihi. Kibiashara hata hivyo walishindwa. Kufikia 1998 waliacha kazi ya malipo. Watu walipenda kuchapa namba wakaondoka zao.

Visa na MasterCard walijaribu njia ya katikati iitwayo SET, ikatangazwa 1996 na toleo la kwanza likatoka 1997. Tulifundishwa chuoni, kurasa na kurasa za michoro, na ni kazi nzuri sana: duka linapata agizo bila kuona namba. Lakini ilimtaka mnunuzi aweke programu maalumu na cheti kwenye kompyuta yake. Nani angefanya hivyo ili anunue kitabu? Ikafa. Tulijibu maswali ya mtihani kuhusu maiti.

Kwa hiyo shule ya kwanza ilishinda, na gharama yake ikaonekana upesi. Januari 2000 ilijulikana kuwa mtu aliyejiita Maxus alikuwa ameingia kwenye duka la mtandaoni la CD Universe, akadai ana namba za kadi zipatazo 300,000, akataka dola 100,000 ili anyamaze. Hakulipwa, akaanza kuzimwaga kwenye tovuti. SSL haikuvunjwa hapo wala haikuhitaji kuvunjwa. Bomba lilikuwa imara, mtungi ndio uliotoboka: namba zilikuwa zimelala kwenye hifadhidata ya duka.

Zile tarakimu tatu za nyuma zilizaliwa katika miaka hiyo hiyo. MasterCard ilianza kuzitoa 1997, na Visa ikafuata kwa kadi za Marekani kufikia 2001. Zilikuja na sharti zuri: duka lisizihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa. Mwaka 2001 pia Visa ilileta utaratibu wa kumpeleka mnunuzi kwa benki yake athibitishe, ambao ndio babu wa ule ujumbe wa SMS unaokusumbua leo. Desemba 2004 makampuni ya kadi yaliunganisha kanuni zao zikaitwa PCI DSS.

Kanuni zilisaidia, lakini si kama watu walivyotumaini. Januari 2007 kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilitangaza kuwa imeibiwa. Ilitajwa idadi ya kadi milioni 45.7. Wezi walikuwa wamepitia Wi-Fi ya duka iliyolindwa kwa WEP, ulinzi uliokuwa umeshavunjwa hadharani tangu 2001. Januari 2009 ikawa zamu ya Heartland, kampuni ya kupitisha malipo, na hati ya mashtaka ikataja kadi milioni 130. Aliyeongoza genge lililohusika na wizi wote huo, Albert Gonzalez, alikuwa wakati huo huo mtoa habari wa Secret Service ya Marekani. Machi 2010 alihukumiwa miaka 20. Na Heartland ilikuwa imefaulu ukaguzi wa PCI! Cheti kilikuwa ukutani, wezi walikuwa kwenye seva.

Hapa niingize la nyumbani. Mteja wangu mmoja mwenye hoteli ndogo huko pwani alitaka fomu ya kuweka nafasi ambayo ingemtumia karani wake namba ya kadi ya mgeni, pamoja na tarakimu tatu, kwa barua pepe. "Shida iko wapi, kijana wangu? Mbona wageni wenyewe wananitumia WhatsApp?" Nilimwambia, mzee, siku simu ya karani ikipotea kwenye matatu, wageni wako wote wamepotea nayo. Tulibishana karibu wiki nzima. Mwishowe alikubali ukurasa wa malipo uwe wa kampuni ya malipo, lakini hadi leo analalamikia ile asilimia wanayomkata. Simlaumu, kwa hoteli ya vyumba vinane asilimia hiyo ni mshahara wa mtu.

Anachopata kwa asilimia hiyo ni tokeni. Kampuni ya malipo inapokea namba halisi, na hoteli inarudishiwa namba nyingine isiyo na maana ikitolewa nje ya mkataba wao. Wazo hili lilianza kuenea kwenye malipo katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2014 mitandao ya kadi ilikubaliana juu ya utaratibu wake, na Oktoba mwaka huo Apple Pay ikaanza kuutumia: simu ina namba yake yenyewe, ile ya plastiki haifiki dukani. Hapa kwetu, Safaricom na Visa walileta kadi isiyo na plastiki ya M-Pesa mwaka 2022. Nikiyatazama haya yote namwona Borenstein na jina lake la siri la 1994. Ilichukua miaka 20 tukarudi kwake.

Lakini bado kuna sekunde chache ambazo namba ni namba, wakati vidole vyako vinaichapa. Kati ya tarehe 21 Agosti na 5 Septemba 2018, mtu alibadili faili ya JavaScript kwenye tovuti ya British Airways akaongeza mistari 22 tu. Kila abiria aliyelipa, kadi yake ilikwenda kwa shirika na nakala ikaenda kwa mwizi, tarakimu tatu zikiwemo, ingawa shirika halikupaswa kuzihifadhi. Kufuli kwenye kivinjari lilikuwa limefungwa muda wote. Wachunguzi wa Uingereza walikuta pia kitu kilichonifanya niache chai yangu: faili za kumbukumbu za mfumo zilikuwa zikiandika kadi za watu wazi wazi tangu 2015, kwa sababu kipengele cha majaribio kiliachwa kikiwa kimewashwa. Oktoba 2020 shirika lilitozwa faini ya pauni milioni 20.

Ndiyo maana toleo jipya la PCI DSS, kuanzia 31 Machi 2025, linadai kila skripti inayopakiwa kwenye ukurasa wa malipo iorodheshwe na sababu yake iandikwe. Mwezi ule nilikaa na mwenye duka moja la viatu hapa Nairobi tukazihesabu za kwake. Zilikuwa kumi na saba. Za malipo zilikuwa mbili, na sita hakuna mtu hata mmoja ofisini aliyejua zimetoka wapi. Tulizifuta jioni hiyo hiyo, na viatu vikaendelea kuuzwa.