Neno "Mwenyeji" katika Bonde la Kilombero

Mtu afikaye Lupiro, pale njia itokayo Ifakara inapogawanyika kwenda Mahenge na Malinyi, huulizwa mapema: "Wewe ni mwenyeji wa wapi?" Swali hili halitafuti mahali anapolala. Aliyelima mpunga hapo miaka thelathini aweza kujibu kwamba ni mwenyeji wa Shinyanga, na hakuna atakayeshangaa. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hili, kwa kuwa limekuwa silaha katika mabishano ya ardhi, na mchungaji hawezi kulikwepa sharikani.

Sheria ya nchi hutumia neno jingine. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hauulizi babu yake alizikwa wapi. "Mkazi" hutokana na kukaa, na "mzawa" hutokana na kuzaliwa. "Mwenyeji" yaelekea kutokana na "mwenye mji", nalo lina maana mbili: mtu wa mahali, na mtu apokeaye wageni. Wahenga waliposema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," hawakuzitenga maana hizo.

Basi ni nani mwenyeji wa bonde hili? Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga kando ya mto, huhesabiwa kuwa wa kale. Wambunga walitoka kusini katika karne ya 19, wakati wa misukosuko ya Wangoni, wakaitwaa Ifakara na kandokando yake. Wabena wa Utengule nao walishuka bondeni kutoka nyanda za juu katika karne ileile. Mwaka 1905 Wambunga walisimama pamoja na Wapogoro katika Vita vya Maji Maji, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge likashambuliwa. Wajukuu wa waliokuja kwa mkuki leo huitwa wenyeji bila ubishi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta wengine. Kisha wakaja wafugaji, wengi wao Wasukuma, na idadi yao ikaongezeka baada ya wafugaji kuondolewa Usangu mwaka 2006. Mwaka 2012 operesheni ya serikali iliwaondoa wengi bondeni pamoja na mifugo yao.

Hatudharau machungu ya mkulima ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe usiku mmoja. Bonde nalo lina mipaka. Ndiyo maana mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. Lakini aliyelisha shamba la mwenzake ashitakiwe kwa kulisha shamba, asishitakiwe kwa kuzaliwa kwingine.

Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inatufundisha jambo hapa. Katika Waefeso 2:19 waamini kutoka mataifa huitwa "wenyeji" pamoja na watakatifu. Kiyunani chasema *sympolitai*, watu wa mji mmoja. Katika Warumi 16:23 Gayo, aliyempokea Paulo nyumbani mwake, naye huitwa "mwenyeji". Hapo Kiyunani chasema *xenos*, neno lilelile ambalo katika Waefeso limefasiriwa "wageni". Kiswahili kimeyaunganisha mambo mawili ambayo Kiyunani kiliyasema kwa maneno mawili: aliyepewa mahali ndiye apaswaye kutoa mahali.

Kwa hiyo anayedai uwenyeji huku akikataa kupokea amelivunja neno katikati na kubaki na nusu yake. Mgeni naye ana wajibu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe": anayelipokea jembe ajue mpaka wa jirani, na anayelitoa aonyeshe mahali pa kulima.

Tunapowachagua wazee wa kanisa katika sharika za bonde hili, tujiulize kwa unyofu: je, yuko mmoja aliyefika jana? Ikiwa hayupo, tumewaita watu mezani pa Bwana kama ndugu, kisha tukawarudisha nje kama wapitaji.