Taya Kwanza, Jino Baadaye

Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa kwa mizinga ya Waingereza ndani ya delta ya Rufiji. Vita hiyohiyo, ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa ikivunja mataya ya askari kwenye mahandaki ya Ulaya, na huko ndiko madaktari walikojifunza kuyajenga upya. Daktari Lindemann, kule Düsseldorf, alichukua vipande vya mfupa wa nyonga akavipachika palipobaki pengo. Nyonga haikuchaguliwa ovyo: ina uboho mwingi wenye chembe hai, na kipande kikifungwa imara, mwili hukipokea.

Jino la kupandikiza lilichelewa. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, Msweden, aliingiza kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura ili achunguze mzunguko wa damu. Alipotaka kukitoa, kikagoma. Mfupa ulikwisha kukishika. Mwaka 1965 akampandikizia Gösta Larsson skrubu za titani tayani, naye akaishi nazo hadi alipofariki 2006. Sharti ni kwamba pawepo mfupa wa kuzishika.

Nchini Tanzania mfupa huo mara nyingi huliwa na ameloblastoma, uvimbe unaochipuka kwenye chembe zinazounda meno. Si saratani. Hukua polepole, hauumi sana, na upole huo ndio hila yake, kwani mgonjwa huahirisha safari mwaka hadi mwaka. Mtu wa Mbwara, kusini mwa mto Rufiji, alipaswa kupanda pantoni pale Ndundu ili afike Dar es Salaam, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Uvimbe ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi. Uliokua sana hukatwa pamoja na sehemu ya taya yenyewe.

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, daktari Elison Simon na wenzake, wakishirikiana na madaktari Waholanzi akiwemo Paul Stoelinga, walichapisha 2006 matokeo ya awali ya kujenga upya mataya yaliyokatwa hivyo. Mwaka 2013 wakaeleza ujenzi unaofanywa papo hapo, wakati uvimbe unapoondolewa. Kwa atokaye Rufiji, kulazwa mara moja badala ya mbili ni nauli iliyookolewa, pengine na msimu mzima wa mpunga. Skrubu za meno hungoja miezi kadhaa, mfupa mpya ushike kwanza, kisha huja swali la bei.