Point Pleasant: Mji unaomsherehekea Mtu Nondo

KILA ifikapo wikiendi ya tatu ya Septemba, majani ya miti yanapokaribia kugeuka rangi, mji mdogo wa Point Pleasant, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, hufurika maelfu ya wageni. Mji wenyewe una wakazi wapatao 4,000 tu. Kinachowavuta wageni hao ni kiumbe ambaye kuwapo kwake hakujapata kuthibitishwa: Mothman, yaani Mtu Nondo.

Nondo anayezungumziwa hapa si chuma cha ujenzi, bali yule mdudu wa usiku afananaye na kipepeo, apendaye kuizunguka taa.

Kisa hicho kilianza usiku wa Novemba 15, 1966. Vijana wanne, wake wawili na waume zao, walikuwa ndani ya gari karibu na kiwanda kilichoachwa cha baruti cha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walieleza kuwa walimwona kiumbe mkubwa mwenye mabawa na macho mekundu yanayong'aa, na kwamba alilifuata gari lao walipokimbia. Habari hiyo ilipotoka gazetini, wengine nao walijitokeza wakidai wamemwona. Mtaalamu wa wanyamapori alisema huenda alikuwa korongo aliyepotea njia.

Pengine kisa hicho kingesahaulika. Lakini jioni ya Desemba 15, 1967, Daraja la Silver, lililouunganisha mji huo na jimbo la Ohio, liliporomoka likiwa limejaa magari na kutumbukia katika Mto Ohio. Watu 46 walipoteza maisha, na miili ya wawili kati yao haikupatikana.

Wapo walioamini kuwa kiumbe yule alikuja kutoa onyo. Wachunguzi, hata hivyo, walibaini kuwa chanzo kilikuwa ufa mdogo, wenye kina cha takriban milimita 2.5, katika kiungo kimoja cha chuma. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928, magari yakiwa mepesi na machache. Ajali hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani kuweka utaratibu wa kitaifa wa kukagua madaraja.

Mwaka 1975, mwandishi John Keel alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo, na mwaka 2002 ikatoka filamu iliyotokana nacho, akiigiza Richard Gere. Mwaka huohuo tamasha likaanza. Mwaka 2003 ilizinduliwa sanamu ya Mtu Nondo ya chuma kisichoshika kutu, kazi ya msanii Bob Roach.

Wakati wa tamasha, wageni huvaa mabawa ya kujitengenezea, husikiliza mihadhara, hutembelea makumbusho ya Mtu Nondo na kupelekwa kwa mabasi hadi eneo la kiwanda. Tamasha halikufanyika mwaka 2020 na 2021 kutokana na ugonjwa wa Uviko-19.

Mjini humohumo ipo pia kumbukumbu ya watu 46 waliokufa darajani.