Miguu kuvimba mimba ikikua: Lini ni kawaida, lini uwahi kituo cha afya

Asubuhi miguu iko sawa. Jioni, baada ya siku nzima ya kuponda mawe mwaloni au kusimama jikoni ukipikia wachimbaji, viatu havipiti tena. Ukibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, panabaki shimo.

Kwa wajawazito wa miezi saba hadi tisa, iwe Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Nyarugusu, hali hii si ngeni, na mara nyingi si ugonjwa. Shida ni kwamba huwezi kutofautisha kwa macho tu kuvimba kwa kawaida na kuvimba kwa mtu ambaye presha yake imepanda. Kinachotofautisha ni vipimo viwili vya haraka: presha na mkojo.

Kwa nini miguu inavimba?

Ukiwa mjamzito, mwili hutengeneza damu na maji mengi zaidi. Damu pekee inaweza kuongezeka kwa karibu nusu ya uliyokuwa nayo. Mfuko wa uzazi nao unakandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, hivyo maji yanajikusanya chini. Joto na kusimama muda mrefu vinaongeza.

Kuvimba kwa kawaida huanza taratibu, huwa kwenye miguu yote miwili, huzidi jioni na hupungua ukilala.

Fanya haya nyumbani

- Inua miguu. Lala au kaa, weka mito au kanga zilizokunjwa chini ya miguu, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.
- Lala kwa ubavu, hasa wa kushoto. Mfuko wa uzazi hautakandamiza mshipa mkubwa wa damu.
- Usisimame muda mrefu. Kama kazi inakulazimu, tafuta kigoda, kaa kidogo, zungusha vifundo, tembea hatua chache.
- Vaa viatu vipana, visivyobana. Acha soksi zenye mpira unaoacha alama.
- Kunywa maji safi ya kutosha. Kujinyima maji hakuondoi uvimbe.
- Loweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi ya kawaida jioni.
- Kaa mbali na zebaki. Kama kazi yako ni kuchenjua dhahabu, mwachie mtu mwingine hatua ya zebaki na ya kuichoma. Inadhuru figo zako na ubongo wa mtoto.

Usifanye haya

Usinunue dawa za kupunguza maji mwilini bila kuandikiwa. Usimeze diclofenac wala ibuprofen kwa sababu miguu inauma. Mimba ikiwa kubwa, dawa hizi zinaweza kudhuru moyo na figo za mtoto.

Kuhusu chumvi, usizidishe, lakini kuiacha kabisa hakuzuii kifafa cha mimba. Na ukiambiwa "ukivimba hivyo unabeba mapacha," cheka, halafu nenda kapime presha.

Hapa usisubiri kesho

Nenda kituo cha afya haraka ukiona lolote kati ya haya:

- Uso au mikono imevimba, au uvimbe umekuja ghafla
- Kichwa kinauma sana na hakiachi
- Macho yanaona ukungu au vimulimuli
- Maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu
- Kukosa pumzi au mkojo kuwa kidogo sana
- Mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida
- Mguu mmoja tu umevimba, unauma na una joto. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa
- Degedege. Hii ni dharura kubwa

Hatari haiishi ukijifungua. Kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata siku au wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo ndugu wanaokuhudumia nao wazijue dalili hizi.

Ukifika kituoni

Omba upimwe presha na protini kwenye mkojo. Presha ya 140/90 au zaidi inahitaji kufuatiliwa na mtaalamu. Ikifika 160/110 ni dharura. Wapo wenye presha ya juu ambao hawajisikii lolote, ndiyo maana usipimwe kwa kuangaliwa miguu tu.

Hali ikiwa mbaya, kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Kwa mama mwenye presha ya mimba, dawa hii hupunguza hatari ya kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini inafanya kazi kwa aliyefika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na 5 kati ya hizo ziwe miezi mitatu ya mwisho. Ukihamia machimbo mengine, hama na kadi yako ya kliniki.

Hakuna usafiri? Piga 115

Namba hii ni ya bure. Ni ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura. Shinyanga ni miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuutumia, kabla ya kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022.

Ukipiga, mhudumu anauliza dalili, kisha anatafuta gari. Kama ambulensi haipo karibu, anaitwa dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa. Nauli analipwa na mfumo, si na wewe.

Hifadhi 115 kwenye simu yako sasa hivi, na kwenye simu ya mumeo, mama mkwe au jirani. Ukianza kuona ukungu usiku wa manane, huenda wao ndio watakaopiga.