Damu ya Mkosaji na Mimbari ya Gavana

Wanaobishana kuhusu fundisho la upatanisho wa damu miongoni mwa Wamormoni wa karne ya 19 hukimbilia kuhesabu maiti. Maadui wa kanisa hilo hudai kwamba waasi wengi walimalizwa kimyakimya katika mabonde ya Utah kwa amri ya viongozi. Watetezi hujibu kwamba ushahidi wa mauaji hayo ni haba, kwa hiyo mahubiri yalikuwa maneno ya jukwaani tu. Naona kila upande umeshika kipimo kibovu. La kuuliza kwanza ni nani aliyekuwa akisema, na alikuwa na mamlaka gani aliposema.

Fundisho lenyewe ni fupi. Wakristo huamini kwamba damu ya Kristo inaondoa dhambi. Brigham Young, nabii wa pili wa Wamormoni, alihubiri kwamba ziko dhambi nzito, kama kuua au kusaliti maagano matakatifu, ambazo hazifutiki mpaka damu ya mkosaji mwenyewe imwagike ardhini, na kwamba anayeimwaga anamtendea mwenzake tendo la upendo. Mbegu ilikuwepo kabla yake: kumbukumbu za Machi 1843 zinaonyesha mwasisi Joseph Smith akipinga kitanzi na kusema kwamba muuaji apigwe risasi au akatwe kichwa. Hata hivyo moto uliwaka mwaka 1856. Mwaka uliotangulia nzige na ukame vilikuwa vimeharibu mazao, njaa ikabisha hodi, na viongozi wakaona ni ghadhabu ya Mungu juu ya watu waliolegea. Jedediah Grant, mshauri wa Young, akaanzisha kampeni iliyoitwa Matengenezo: waumini walihojiwa nyumba kwa nyumba kuhusu dhambi zao, wakaungama, wakabatizwa upya. Tarehe 21 Septemba 1856 Grant na Young walihubiri damu mbele ya umati wa Salt Lake City, na Young akairudia mada hiyo tarehe 8 Februari 1857. Asiseme mtu kwamba hotuba hizo zilitungwa na wapinzani. Zilichapwa Liverpool katika Journal of Discourses, mfululizo ulioidhinishwa na kanisa lenyewe.

Hoja nzito ya watetezi ni kwamba enzi zile wahubiri wengi wa Marekani walitisha watu kwa jehanamu, na Young naye alitia chumvi ili kuwaamsha waliolala. Sipingi kwamba alitia chumvi. Lakini mhubiri wa kawaida aliyemtishia mwenye dhambi hakuwa na askari wala hakimu, na Young alikuwa gavana wa Eneo la Utah mpaka alipopokewa madaraka mwaka 1858. Chini yake, mtu mmoja aliweza kuwa kiongozi wa kanisa mjini kwake na papo hapo afisa wa wanamgambo au mwamuzi wa kesi. Katika mazingira hayo msikilizaji hakuwa na namna rahisi ya kutenganisha tamathali na agizo. Machi 1857, huko Springville, William Parrish, aliyekuwa ameacha imani na kupanga kuhama, aliuawa pamoja na mwanawe usiku. Miaka miwili baadaye Jaji John Cradlebaugh aliitisha baraza la kuchunguza kesi hiyo mjini Provo, na halikumshtaki mtu. Amri ya Young haijaonekana popote. Ila kutoonekana kwake si kinga kwa mahubiri yake, kwa kuwa gavana anayesifia kumwaga damu hahitaji kuandika barua.

Haki inataka pia niseme mahali ambapo washitaki wamezidisha. Mauaji ya Mountain Meadows, ambapo wanamgambo wa Kimormoni na washirika wao waliangamiza wasafiri wapatao 120 tarehe 11 Septemba 1857, hutajwa daima kama mfano wa fundisho hili. Sidhani. Waliokufa hawakuwa waumini waliovunja maagano. Walikuwa wapita njia, wengi wao kutoka Arkansas, walionaswa katika hofu ya vita baada ya serikali ya Marekani kutuma jeshi Utah. Barua ya Young iliyoagiza waachwe wapite ilifika wakiwa wamekwisha kuuawa.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika sheria. Mwaka 1852 bunge la Utah lilimruhusu aliyehukumiwa kifo kuchagua kitanzi, risasi au kukatwa kichwa. Mtu atasema risasi ni desturi ya jeshi, tena jirani yao Nevada ilimpiga mfungwa mmoja risasi mwaka 1913. Sawa, lakini kukata kichwa hakukuwa desturi ya mahakama za Marekani, na njia hiyo ilibaki katika sheria ya Utah hadi 1888. Bunge lililojaa Wamormoni liliweka mlango wazi kwa damu kumwagika, na John D. Lee, mtu pekee aliyehukumiwa kwa Mountain Meadows, alipigwa risasi mwaka 1877.

Ndiyo maana tamko la Desemba 1889, ambamo Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu wa kanisa, na mitume walikana kwamba kanisa linaua waasi, lisisomwe kama kulifuta fundisho. Miaka mitano kabla, Charles Penrose, mhariri wa Kimormoni, alikuwa amelieleza kama imani ya kweli ambayo utekelezaji wake ni kazi ya serikali, na mtume Joseph Fielding Smith aliendelea kulitetea hivyo hadi katikati ya karne ya 20. Upanga haukutupwa, ulikabidhiwa dola. Na maneno yaliyoachwa bila kukanwa yaliokotwa na wengine: Ervil LeBaron, kiongozi wa kundi lililo nje ya kanisa, aliyatumia kuhalalisha mauaji ya wapinzani wake miaka ya 1970. Mtume Bruce McConkie alilikana fundisho kwa barua mwaka 1978. Kanisa lilitoa tamko rasmi la kulikana Juni 2010, mwezi uleule Utah ilipomuua mfungwa Ronnie Lee Gardner kwa risasi, kwa chaguo lake mwenyewe. Kwa kukana huko kanisa lilichelewa zaidi ya miaka 150.